Cheche Iliyochelewa

"Mtoeni Kaneza," Inspekta Yunisi alisema bila kuinua kichwa. "Na spana zake aje nazo."

Konstebo Martini hakusogea. "Afande, mtuhumiwa apewe spana?"

"Nimesema spana, Martini. Sikusema bunduki."

Pikapu ya bluu ilikuwa imesimama kwenye uwanja wa nyuma wa kituo, boneti wazi, pua imeelekea ziwani. Ilikuwa kongwe kuliko konstebo aliyekuwa akiilinda. Wiki iliyopita, ikitoka Kibirizi na magunia ya dagaa ya kwenda Kasulu, ilichemka katikati ya kilima cha Kidahwe, ikazima, breki zikaishiwa nguvu, ikarudi kinyumenyume mpaka mtaroni. Esther, mchuuzi wa dagaa aliyekuwa amekaa juu ya magunia, alirushwa akavunjika nyonga.

Mwenye gari, Mzee Feliksi, hakungoja vumbi litulie. Alisimama katikati ya soko la Kibirizi akatangaza kuwa fundi wake, binti wa Kirundi mwenye gereji Ujiji, alikuwa akiichezea taimingi, ule wakati wa cheche kuwaka, makusudi ili gari lisikome kurudi kwake. Mara nne amelitengeneza, mara nne limeharibika. Watu wakaenda Ujiji, wakaifunga gereji ya Kaneza kwa mnyororo, naye akaletwa kituoni kabla hawajamshika wenyewe. Sasa jalada lilikuwa juu ya meza ya mkuu wa kituo. Mchana huu lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na Kaneza angelifuata, isipokuwa Yunisi apate cha kulizuia.

Alichokuwa nacho mpaka sasa ni injini tu. Lakini ilikuwa injini ya kutazamwa. Kabla ya kuingia upelelezi, Yunisi alikuwa amekagua magari barabarani kwa miaka mingi. Alikwisha kuona matangi yaliyozibwa kwa sabuni na rejeta zilizofungwa kwa kamba za katani. Humu ndani kila waya ulikuwa na njia yake, kila boliti ilikuwa safi, kila mpira umebanwa kwa kibanio kipya. Mtu aliyefanya kazi hii aliipenda. Angeweza kuiharibu kwa makusudi? Angeweza, watu huharibu hata wanachokipenda. Lakini asingeiharibu hovyo.

Kaneza alikuja akitembea kama mtu aliyeitwa kazini. Alikuwa mwembamba, kilemba kimefungwa vizuri, na usingizi wa sakafuni ulionekana machoni tu. Alipokea boksi la spana, akalifungua, akapitisha kidole juu ya vyuma vyote.

"Kumi na tatu haipo."

Martini akatazama ziwani. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaitoa. "Nilifungulia soda tu."

"Na meno unayo," Kaneza akasema, akairudisha mahali pake.

Yunisi alijizuia asicheke. "Sogea hapa, dada. Nieleze mistari hii."

Shingo ya distribiuta, kile chombo kinachogawa cheche kwa kila silinda, ilikuwa na vistari vinne vya rangi nyekundu, vimepangana kama vidole. Kimoja tu kilikuwa kimekutana na mstari wa rangi hiyohiyo uliochorwa kwenye mwili wa injini.

"Rangi ya kucha," Kaneza akajibu. "Kila nikimaliza kuweka taimingi, nachora mstari kuanzia shingoni mpaka kwenye injini. Mtu akiizungusha distribiuta, mstari unakatika na mimi najua. Mara tatu ulirudi umekatika. Nikamwambia mzee: kuna mkono unaingia humu. Akasema mkono wenyewe ni wangu."

"Na safari hii?"

"Safari hii haujakatika." Hakuyumbisha sauti. "Hakuna aliyegusa baada yangu. Naona unachofikiri, afande. Unafikiri ndio nimejifunga mwenyewe."

"Sijafikiri bado. Ulikuwa unaipanga kwa kutumia nini?"

"Kwa taa ya taimingi, ile inayomulika alama ya puli kila cheche ikiruka. Kama inavyotakiwa. Siweki kwa kubahatisha, mimi."

Yunisi akavitazama tena vile vistari. Distribiuta ikizungushwa kidogo huku au kule, cheche inawahi au inachelewa. Ikiwahi mno injini inagonga; ikichelewa, moto unawaka wakati pistoni imeshaanza kurudi chini, nguvu inapotea bure, injini inachemka. Kwenye tambarare ya Ujiji, gari tupu, hilo hulioni. Kwenye kilima, na magunia, utalilia.

Mtu mwenye nia mbaya angezungusha leo kulia, kesho kushoto. Fundi mzembe vilevile. Lakini vistari vya Kaneza vilitembea upande mmoja tu, kila kimoja mbele kidogo ya mwenzake, vyote vikielekea kwenye kuchelewa. Mkono wa binadamu hauna adabu hiyo. Kitu fulani kilikuwa kinateleza, polepole, na mkono wa Kaneza ulikuwa unakifuata.

Kulikuwa na jambo jingine. Kando ya kistari cha kwanza palikuwa na mkwaruzo mwembamba, wa kitu chenye ncha.

"Huu ni wako?"

Kaneza akauangalia kwa dharau. "Mimi nikwaruze chuma? Hata siku moja."

"Basi, Martini, niitie Castory."

Castory, dereva wa pikapu, alikuwa ubavuni mwa kituo akinywa kahawa. Alikuja akitabasamu, tabasamu la mtu anayetaka yaishe haraka.

"Afande, mimi ni suka tu. Nakanyaga mafuta, gari linakwenda. Ya ndani siyajui."

"Toa bisibisi yako."

"Bisibisi gani?"

"Ile iliyo kwenye mfuko wa nyuma. Kila ukikaa unaikalia."

Akaitoa. Yunisi akaingiza ncha yake kwenye ule mkwaruzo. Ikakaa kama ufunguo kwenye kitasa. Kaneza akamgeukia Castory.

"Kumbe ni wewe, mjinga wewe! Nimelala selo kwa ajili yako!"

"Ngoja, ngoja, dada'angu—"

"Mimi si dada yako!"

"Mwache aseme," Yunisi alisema. "Castory, ulikuwa unaizungusha ukifika wapi?"

Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Njiani. Gari likitoka kwake halipandi, afande. Naapa. Linalia kama limebanwa koo. Basi nasimama, nalegeza boliti, nazungusha huku nasikiliza, mpaka linapumua. Nikakwaruza pale ili nisipoteze muda kila mara. Linapanda vizuri kabisa, mpaka lirudi kwake, analiharibu tena."

"Naliharibu? Mimi nalipima kwa taa!"

"Na mimi nalipima kwa sikio!"

"Mbona wiki iliyopita hukuzungusha?" Yunisi akauliza.

Castory akainamisha kichwa. "Mzee alisema nikigusa tena injini ananifukuza kazi. Nina watoto, afande. Nikasema liende hivyohivyo."

Yunisi akawatazama kwa zamu. Watu wawili, kila mmoja akisahihisha kazi ya mwenzake. Sikio la Castory lilirudi mahali palepale kila safari. Taa ya Kaneza kila safari ilikwenda mahali papya. Kwa hiyo mwongo hakuwa Castory, na hakuwa distribiuta. Lakini kabla hajamtaja mwongo, alitaka kuondoa wengine. Alijimwagia petroli ya gari kidogo kiganjani, akainusa, akaiacha ikauke. Haikuacha utelezi, haikuchanganywa na mafuta ya taa. Akamwambia Kaneza aizungushe krenki shafti, ekseli inayopandisha na kushusha pistoni, kwa spana mbele na nyuma, yeye akitazama rota, kidole kinachozunguka ndani ya distribiuta. Kila krenki iliposogea, rota ikaitika papo hapo. Mnyororo wa taimingi unaoviunganisha ulikuwa mzima.

Alipoinama kutazama chini ndipo alipowaona sisimizi. Walikuwa wamejipanga kutoka kwenye gurudumu la nyuma, wakapanda bampa, wakayapita mabaki ya dagaa yaliyokuwa sakafuni mwa pikapu kana kwamba hayapo, wakaingia mbele ya injini. Sisimizi wa Kigoma wanaoacha dagaa! Walikuwa na karamu gani huko?

Aliwaacha kwanza.

"Toa plagi ya silinda ya kwanza," alisema. "Martini, niletee spoku ya baiskeli. Usiniulize ya nini."

Spoku ikaingizwa kwenye tundu la plagi mpaka ikaigusa pistoni. Kaneza akazungusha krenki taratibu, Yunisi akiishika spoku kwa ncha za vidole viwili. Ikapanda. Ikapanda tena. Ikatulia, kama mtu aliyefika kileleni akitafuta upepo.

"Hapo. Usisogee. Pistoni iko juu kabisa. Sasa alama yako ya puli inapaswa kuwa wapi?"

"Kwenye sifuri. Mbele ya kile kidole cha chuma."

"Angalia."

Kaneza akachungulia. Puli ile, gurudumu dogo la chuma lililo mbele ya krenki na kuuzungusha mkanda wa feni, ilikuwa na alama yake iliyochongwa ukingoni. Haikuwa mbele ya kidole cha chuma. Ilikuwa nyuma, mbali kwa upana wa vidole viwili.

"Oya," alisema kwa Kirundi, akikataa. "Alama haitembei. Imechongwa kwenye chuma."

"Chuma kimoja?"

Kaneza akaisogelea puli. Alipiga magoti, akafuta puli kwa kitambaa, na Yunisi akaona uso wake ukibadilika. Ukawa uso wa mtu ambaye mbele yake mlango umefunguka.

"Viwili," akasema polepole. "Kuna kitovu cha ndani, kinachoshika krenki. Na kuna pete ya nje, yenye mkanda na alama. Katikati kuna mpira unaovigandisha." Akainuka. "Mpira ukiachia, mkanda unaivuta pete nyuma. Pete inabaki nyuma, na alama nayo. Halafu mimi na taa yangu naifuata pete. Nipe chaki, afande. Nipe chaki sasa hivi!"

Ilikuwa amri, na Yunisi alimpa. Kaneza akachora mstari mweupe ulionyooka, kutoka kitovuni, ukavuka mpira, ukafika ukingoni mwa pete. Akarudisha plagi. Castory akawasha gari, taa zote zikiwa zimewashwa ili mkanda ubebe mzigo, akakanyaga mafuta. Wakaliacha likinguruma kwa muda, halafu likazimwa.

Mstari wa chaki ulikuwa umekatika palepale penye mpira. Pete ilikuwa imebaki nyuma.

Castory akashuka kuja kuona. Ndipo harufu ilipowafikia, ikipanda na joto la injini. Martini akainua pua. "Kuna mtu anapika maharage?"

Yunisi akapitisha ukucha kwenye mpira wa puli. Ulikuwa umevimba, laini kama andazi lililoloweshwa chai, na rangi iliyobaki kwenye kidole chake ilikuwa ya machungwa. Sisimizi wawili walikuwa juu yake.

"Mwite Mzee Feliksi," alisema.

Mzee alikuwa kwenye benchi la barazani tangu asubuhi, akingoja kuona jalada likienda. Alikuja akiwa wima, kofia mkononi, shati limepigwa pasi.

"Mzee wangu," Yunisi akamwambia, "nimekagua magari mengi. Mpira wa milango ya gari hili bado ni mweusi na unang'aa. Gari la umri huu! Unautunza kwa kutumia nini?"

Uso wa mzee ukachanua. "Ah, wewe mwanangu una macho. Kila Jumapili nikitoka kanisani, mimi na gari langu. Nachukua mawese, yale mazito ya nyumbani tunayoungia maharage, na kitambaa. Napaka mpira mmoja mmoja. Baba yangu alikuwa na baiskeli ya kubebea chikichi, na mipira yake aliipaka mawese. Haikupasuka kwa jua lote la nchi hii."

"Hata mipira ya ndani ya injini?"

"Hasa hiyo! Ndiyo inayoteseka na joto. Mkanda wa feni nilijaribu, ukapiga kelele, nikauacha. Lakini kuna kile kimpira kwenye puli, kilikuwa kimekauka, masikini. Nilikipaka, kikanywa. Jumapili nyingine kikanywa tena. Kama mtoto na uji."

"Tangu lini?"

"Tangu..." Mzee akahesabu moyoni. Akamtazama Kaneza. Akautazama mstari wa chaki ambao hakuujua maana yake, na kidole cha Yunisi chenye rangi ya machungwa. "Kwa nini mnaniangalia hivyo?"

Yunisi alimweleza. Hakukemea, aliweka jambo moja juu ya jingine: mpira uliolainika, pete iliyoteleza, alama iliyosogea, fundi aliyeiamini, dereva aliyezuiwa kusahihisha. Alipofika kwenye kilima na Esther, kofia ya mzee ilikuwa imekunjwa mikononi mpaka haina umbo.

"Mimi nalipenda gari hili," akasema.

"Najua, mzee. Umelilisha mpaka likashiba."

Mkuu wa kituo alitoka, akasikiliza, akatazama chaki, akakuna kidevu. "Mstari wa chaki siwezi kuupeleka kwa mwendesha mashtaka, Yunisi. Lilizimia Kidahwe na mzigo. Lipande Kidahwe na mzigo uleule. Likipanda, jalada nalifunga. Lisipopanda, huyu anarudi ndani."

"Nahitaji puli nzima," Kaneza akasema. "Ninayo. Iko kwenye ndoo gerejini kwangu, nyuma ya mlango waliofunga kwa mnyororo."

"Martini," Yunisi akasema, "chukua bajaji, chukua na msumeno wa chuma."

Puli ilipokuja, Kaneza aliifunga mwenyewe. Hakuiamini alama mpaka alipoipima kwa spoku, mara ya kwanza, kisha tena. Ndipo akaweka taimingi kwa taa yake. Alipomaliza akamwita Castory. "Njoo na hilo sikio lako." Castory akafumba macho juu ya injini, akasikiliza, akainua dole gumba. Kaneza akachora mstari wa rangi ya kucha. Ukaangukia palepale penye mkwaruzo wa bisibisi, kando ya kistari cha kwanza. Taa na sikio vilikuwa vimekubaliana.

Yunisi aliutazama mkono ule ukifunga kifuniko cha chupa ndogo ya rangi, hautetemeki, na kilima kilikuwa bado hakijapandwa. Majambazi wakubwa aliowakamata yeye hawakuwahi kuwa na mkono mtulivu namna hiyo.

"Magunia yanapakiwa Kibirizi," Kaneza akasema. "Mzee aje. Aliniharibia jina mchana, mbele ya watu, kwa sauti. Alitengeneze vilevile."

Kibirizi palikuwa na harufu yake na kelele zake. Wanawake walikuwa wakigeuza dagaa kwenye vichanja, wapagazi wakipita na magunia mabegani. Mzee Feliksi alisimama kando ya pikapu, akakohoa, akaanza kusema habari za mpira na joto na uzee wa magari.

"Hatusikii!" akapaza sauti Leonia, mama mmoja mwenye mikono mikubwa, rafiki wa Esther. "Juzi ulikuwa na spika kooni!"

Watu wakacheka. Mzee akakaza shingo. "Nimesema ni mimi! Si huyu binti. Mkono wangu ndio ulioharibu gari, na Esther yuko hospitali kwa ajili ya mkono wangu. Nilimsingizia fundi. Basi, mmesikia?"

Leonia akafuta mikono kwenye kanga. "Maneno hayo mazuri. Kama gari sasa ni zima, wewe panda juu ya magunia, pale alipokaa mwenzangu."

Mzee akamtazama Inspekta, akitafuta sheria ya kumwokoa. Yunisi akageukia ziwa. "Mimi leo si trafiki," alisema.

Akapanda. Castory alitaka kushika usukani. Kaneza alikwisha kaa. Yunisi akaketi kando yake, na wakatoka.

Kilima kikaanza. Kaneza akapunguza gia. Injini ikashuka sauti, ikaushika mlima, ikavuta. Mshale wa joto ulipanda kidogo, ukasimama. Walipofika penye mtaro, nyasi zilizolazwa na magurudumu bado hazijainuka, na juu ya paa pakagongwa kwa nguvu.

"Mzee anagonga," Yunisi alisema.

"Namsikia."

"Husimami?"

"Mlimani sisimami, afande. Na mzigo? Akagonge."

Akagonga. Pikapu ikaendelea kuvuta, bila kulia, bila kukohoa, na Yunisi akajikuta ameshika ukingo wa kiti kama mtu anayetazama mpira wa penalti. Kisha barabara ikalala, nyumba za Kidahwe zikatokea, na Kaneza akasogeza gari pembeni, akazima, akashuka.

Mzee Feliksi aliteremka akishika ubao, vumbi limemfanya mweupe mpaka kwenye kope. Wanakijiji walikuwa wameanza kusogea kuona. Alimtazama yule binti, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, akavua kofia.

"Shikamoo, fundi."

Mtu mmoja akaguna kwa mshtuko. Mzee wa mvi kumwamkia binti! Kaneza alilipima jambo lile kama alivyopima kila kitu. Yunisi alidhani angelikataa, angecheka, angemwomba mzee asijishushe.

"Marahaba," Kaneza akajibu, akarudi kwenye usukani, kwa sababu dagaa walikuwa wakingojwa Kasulu.